Baba mdogo, hawa mabingwa hawaogopi ngumi

Najua nimeadimika. Wengine mmeniandikia kuuliza kama Dallas imenimeza, na shangazi kasema labda nimeolewa kimyakimya. Hapana jamani. Ni zamu za usiku tu, mara tatu mara nne kwa wiki, nikirudi asubuhi nalala kama gogo. Halafu kuna watu hapo kijiweni wanasema eti nesi Marekani habebi boksi. Njooni mmgeuze mgonjwa wa kilo 150 kitandani saa 9 usiku, kisha mtaniambia boksi ni nini!

Leo nataka kumjibu baba mdogo. Mwezi uliopita aliponipigia tulianza na salamu, tukaenda kwenye bei ya saruji, tukaishia kwenye ngumi kama kawaida yake. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe uko hukohuko kwa wenye mikanda. Hebu nieleze, mtu ni bingwa wa dunia, kwa nini anamkwepa yule ambaye kila mtu anajua ndiye mgumu kuliko wote? Anaogopa nini?" Nikacheka, nikamwambia nitamwandikia. Lakini nilielewa kwamba hakuwa anauliza habari za Marekani peke yake. Nyote mnajua mdogo wangu wa mwisho anapigana ngumi za kulipwa. Mwaka huu anatimiza miaka 30, na huu ni mwaka wa nne anaahidiwa pambano la ubingwa halafu linaota mbawa. Bingwa mwenyewe anazidi kupigana na watu tuliozoea kuwaona wakienda chini raundi ya pili. Kwa hiyo mdomo wa baba mdogo ulikuwa Marekani, ila moyo wake uko kwa kijana wetu.

Bahati nzuri, nimeishi Houston na sasa naishi huku Dallas, na jimbo hili la Texas limejaa hadithi za namna hii tangu zamani. Nilipopata siku nne za mapumziko nikawasha gari nikateremka barabara ya I-45, saa nne hivi mpaka Houston, nikalala kwa dada mmoja wa Kikenya tuliyefanya naye kazi, kesho yake nikaendelea kama saa moja mpaka Galveston. Galveston ni kisiwa kwenye Ghuba ya Mexico. Ukishuka kwenye gari unanusa bahari, na mtu wa pwani kama mimi lazima machozi yamlengelenge kidogo. Hapo ndipo alipozaliwa Jack Johnson, tarehe 31 Machi 1878, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani. Siku hizi kuna bustani ndogo yenye jina lake na sanamu yake. Nilikaa pale kwenye benchi nikala samaki wa kukaanga (hawajui kukaanga samaki, lakini tuyaache hayo).

Johnson alikuwa kuli wa bandarini. Septemba 1900 kimbunga kilikipiga kisiwa hicho, watu wasiopungua 6,000 wakafa, wengine husema 8,000 na zaidi. Miezi michache baadaye, Februari 1901, Johnson akapangiwa pambano hapohapo Galveston na bondia mkongwe aitwaye Joe Choynski. Choynski akamwangusha raundi ya tatu. Kabla hata Johnson hajakaa sawa, askari wa jimbo wakaingia ulingoni wakawakamata wote wawili, kwa sababu ngumi za fedha zilikuwa zimepigwa marufuku Texas. Wakawekwa rumande wiki zaidi ya tatu. Na humo rumande, aliyepiga na aliyepigwa wakawa wanafanya mazoezi pamoja kila siku! Choynski alimfundisha mengi, hasa namna ya kutopigwa. Yaani jela ya Galveston ndiyo ikawa chuo chake.

Sheria iliyowafunga ina uhusiano na huku kwangu Dallas. Mwaka 1895 promota mmoja wa Dallas, Dan Stuart, alitaka kulileta mjini pambano la ubingwa wa uzito wa juu, Corbett na Fitzsimmons. Gavana Culberson hakutaka kabisa. Akaliita bunge la jimbo kikao maalumu, Oktoba hiyohiyo sheria ikapita haraka, na pambano likakosa mahali. Corbett akasema basi, anastaafu, na ubingwa akamkabidhi mtu mwingine kama anayekabidhi funguo za nyumba. Fitzsimmons alimpata Corbett mwenyewe Machi 1897, huko Nevada, akamwangusha raundi ya 14. Kwa hiyo mjue kwamba hadithi ya bingwa na mpinzani kuzungushana miaka miwili haikuanza na televisheni.

Turudi kwa Johnson. Baada ya rumande aliondoka Texas, akapigana kila mahali. Mwaka 1902 alimpiga Jack Jeffries, mdogo wake bingwa wa dunia Jim Jeffries. Februari 1903 akawa bingwa wa uzito wa juu wa watu weusi. Ndiyo, kulikuwa na ubingwa wa watu weusi peke yake, kwa sababu ule wa dunia hawakuruhusiwa kuugusa. John L. Sullivan, bingwa wa miaka ya 1880, alishaweka msimamo kwamba hapigani na mtu mweusi. Jim Jeffries akashika njia hiyohiyo. Sasa angalieni ujanja wake: Jeffries alikuwa amewahi kupigana na weusi kabla hajawa bingwa, akiwemo Peter Jackson mwaka 1898, wakati huyo Jackson amekwisha umri na ni mgonjwa. Tatizo halikuwa kugusana na mtu mweusi basi, tatizo lilikuwa mkanda. Johnson alimfuata miaka miwili mizima akimtaka. Mwaka 1905 Jeffries akastaafu bila kupigwa, akaenda kulima.

Mkanda ukaishia kwa Mkanada mdogo mdogo, Tommy Burns. Huyu naye Johnson alimfuata mpaka Uingereza, halafu mpaka Australia. Burns alisema atapigana akilipwa dola 30,000, na fedha hizo kwa wakati ule zilikuwa kichekesho, alidhani hakuna atakayezitoa. Akatokea promota wa Sydney akazitoa. Johnson akapewa 5,000. Na promota huyohuyo ndiye akawa refa! Tarehe 26 Desemba 1908 walipanda ulingoni, na kilichotokea hata hakikuwa pambano. Raundi ya 14 polisi wakaingia kusimamisha. Kuli wa Galveston akawa bingwa wa dunia, miaka karibu sita tangu awe bingwa wa weusi. Alikuwa na miaka 30.

Miaka 30, baba mdogo. Nilipiga hesabu hiyo palepale kwenye benchi.

Mnajua yaliyofuata. Wazungu wakamwomba Jeffries aache shamba arudi. Akapunguza kilo nyingi alizokuwa amejaza, na tarehe 4 Julai 1910 huko Reno, Nevada, Johnson akampiga raundi 15. Siku hiyo na usiku wake kulizuka ghasia miji mingi ya Marekani, watu zaidi ya kumi wakauawa, wengi wao weusi. Serikali nayo ikamwandama Johnson kwa sababu ya wanawake wazungu aliokuwa nao, akahukumiwa mwaka 1913, akakimbia nchi. Msamaha wa rais aliupata mwaka 2018, miaka 72 baada ya kufa. Aliyofanyiwa huyu mtu yalikuwa mabaya, na sitaki mtu asome yanayofuata akadhani nayasahau.

Kwa sababu hapa ndipo hadithi inaponiuma. Wakati Johnson anakwepwa, kulikuwa na mabondia wengine weusi waliokwepwa pamoja naye. Joe Jeannette. Sam McVea. Na kuliko wote, Sam Langford, mtoto wa Nova Scotia huko Kanada. Walipigana wao kwa wao mara kumi, mara kumi na tano, kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kupigana naye. Johnson alipigana na Langford mwaka 1906 akamshinda kwa pointi, lakini Langford siku hiyo alikuwa mwepesi kwa karibu kilo 13 na bado anakua. Baadaye alijaa, akawa mtu wa kutisha. Johnson alipopata mkanda, wote hawa watatu walimtaka. Hakumpa hata mmoja! Alipigana na Stanley Ketchel, ambaye ni bingwa wa uzito wa kati, mtu mdogo kwake. Alipigana na wazungu wa kawaida tu. Desemba 1913 huko Paris alipigana na mweusi mmoja, Battling Jim Johnson, likawa pambano la kwanza la ubingwa wa uzito wa juu kati ya weusi wawili, likaisha sare, lakini yule wala hakuwa kwenye orodha ya wale watatu. Sababu aliyoitoa ni fedha: weusi wawili hawajazi ukumbi. Na huenda alisema kweli! Hapo ndipo ugumu ulipo. Lakini Jeffries naye alikuwa na sababu, na Burns naye alikuwa na bei.

Langford hakupata kamwe nafasi ya kuugombea ubingwa wa uzito wa juu. Aliendelea kupigana mpaka miaka ya 1920, macho yakififia, akipigana kwa kumsikia na kumgusa mwenzake. Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti alimkuta Harlem, New York, kwenye chumba kidogo, kipofu kabisa, fukara. Wasomaji ndio waliomchangia. Mimi kazi yangu nawaona wazee wapofu waliokuwa watu wazima wenye nguvu, nawashika mkono kwenda msalani. Sina la kuongeza hapo.

Johnson alipoangushwa na Jess Willard huko Havana, Aprili 1915, mlango ulifungwa kabisa. Hakuna mweusi aliyepewa nafasi ya ubingwa huo mpaka Joe Louis mwaka 1937. Miaka 22! Aliyeumia zaidi ni Harry Wills wa New Orleans. Jack Dempsey alikuwa bingwa tangu 1919 mpaka 1926, na karibu muda wote huo Wills ndiye aliyekuwa mpinzani wa kwanza. Mikataba ikasainiwa, mwaka 1922 na tena 1925, pambano halikufanyika. Wakuu wa ngumi wa New York walikataa Dempsey apigane na mwingine kwao kabla ya Wills, basi pambano la Dempsey na Tunney likahamishiwa Philadelphia. Oktoba 1926 Wills, akiwa na miaka 37, akapigwa na kijana Jack Sharkey, na baada ya hapo hakuna aliyemuulizia tena. Dempsey hakuhitaji kumpiga Wills. Kalenda ilimpiga kwa niaba yake.

Texas yenyewe iliruhusu ngumi tena mwaka 1933, ila sheria ikasema mweupe na mweusi wasipande ulingo mmoja. Hapo bingwa wa jimbo hana hata haja ya kukwepa, serikali inamkwepea! Bondia mmoja wa San Antonio, Sporty Harvey, mtu ambaye hakuwa bingwa wa chochote, alikwenda mahakamani, na mwaka 1954 mahakama ya rufaa ikaifuta sheria hiyo. Mwaka 1955 akapigana hapa Dallas na mzungu Buddy Turman, akashindwa kwa pointi. Alishindwa, lakini alipigana. Nimemuuliza mtu mzima mmoja hapa kazini, mzaliwa wa Dallas kabisa, hajawahi kulisikia jina hilo.

Sasa nije kwa mtu mnayempenda wote, George Foreman. Alizaliwa Marshall, mashariki ya Texas, akakulia Fifth Ward, mtaa wa shida wa Houston. Wazee mnamkumbuka kwa Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, raundi ya nane, Ali. Baba mdogo hutuhadithia kila mwaka jinsi walivyokusanyika redioni alfajiri, saa za kwetu, na jinsi mzee wa jirani alivyoivunja meza. (Kila mwaka meza inakuwa kubwa zaidi.) Kwenye ubingwa wake wa kwanza Foreman hakukwepa. Baada ya Frazier alipewa mmoja laini huko Tokyo, ndiyo, lakini akafuata Ken Norton, akafuata Ali, mwaka mmoja tu.

Ubingwa wa pili ni habari nyingine. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer kwa ngumi moja raundi ya kumi, akapata mikanda miwili. Dunia ilishangilia. Chama kimoja, WBA, kikamwambia mpinzani wako wa lazima ni Tony Tucker. Akakataa, Machi 1995 wakamvua. Akamchagua Mjerumani Axel Schulz, ambaye Wamarekani wengi hawakumjua. Kumbe yule kijana anajua! Majaji wawili wakampa Foreman kwa pointi mbili, mmoja akaandika sare, na watu wengi waliona Schulz ndiye aliyeshinda. IBF wakaamuru warudiane. Foreman akakataa, akauachia na huo mkanda wa pili. Miezi minane tu baada ya usiku ule wa Moorer, mikanda yote miwili haipo, na hakuna aliyempokonya ulingoni.

Je, nimwite mwoga? Mtu wa miaka 46? Mimi kama nesi ningemficha glavu kabisa! Nilipokuwa Houston niliwahi kupita kwenye kituo cha vijana alichokianzisha, na alipofariki Machi 2025 mji ule ulimlilia kweli. Yeye alikuwa anauza jina, anafahamu kabisa mwili wake una mapambano mangapi yamebaki, anayapanga kama mtu anayepanga akiba ya uzeeni. Lakini Schulz naye alikuwa na mwili. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia.

Hapa nilipo sasa, dakika kama ishirini kuna Arlington, na uwanja mkubwa wa Dallas Cowboys uliofunguliwa 2009. Machi 2010 Manny Pacquiao alipigana pale na Mghana Joshua Clottey mbele ya watu karibu 51,000. Pambano lile dunia haikulitaka. Ilimtaka Pacquiao na Floyd Mayweather, ambao walikuwa wameshafika karibu kabisa kukubaliana, likavunjika mwanzoni mwa Januari 2010 kwa sababu ya... damu! Upande wa Mayweather ulitaka vipimo vya damu vya kushtukiza kama vya Olimpiki, mpaka siku za karibu na pambano. Pacquiao akasema hatatolewa damu karibu na pambano, inamdhoofisha. Mayweather akasema basi.

Ndugu zangu, mimi natoa damu watu kila zamu. Kichupa kimoja ni mililita tano, labda kumi. Mtu mzima ana lita kama tano mwilini. Vichupa viwili vitatu havimwangushi bibi wa miaka 80, vitamwangusha bondia? Lakini pia mpinzani anayetaka pambano kweli hawezi kuliacha zima life kwa tofauti ya siku kumi za kipimo. Kila mmoja alipata kisingizio chenye sura ya afya. Miaka yangu ya mwanzo huku mimi mwenyewe niliukwepa mtihani wa leseni mwaka mzima, nikifanya kazi ya msaidizi, nikisema nasubiri nipone mgongo. Mgongo ulikuwa unauma kweli. Ila haukuwa sababu.

Walikuja kupigana tarehe 2 Mei 2015, Las Vegas. Mayweather 38, Pacquiao 36 na bega limeumia, alifanyiwa upasuaji baadaye. Pambano likawa baridi kama chai ya jana. Lakini nyumba milioni 4.6 zilinunua kulitazama, rekodi, na kila mmoja aliondoka na zaidi ya dola milioni 100. Hapo baba mdogo ndipo penye jibu lako. Zamani kusubiri kulimla yule aliyesubiri nje, kama Wills. Hawa wawili kusubiri kuliwatajirisha wote, aliyeliwa ni mtazamaji. Bingwa haogopi ngumi. Ameshapigwa ngumi tangu ana miaka kumi. Anachoogopa ni kuupoteza mkanda kwa bei ndogo, wakati kwa mtu laini anaweza kuutembeza mara tatu na kila mara akalipwa.

Ya mwisho ni ya kijana wa hapa jirani, Errol Spence, aliyekulia DeSoto, kusini mwa Dallas. Mwaka 2017 alikwenda Sheffield, Uingereza, nyumbani kwa Kell Brook, akamvua mkanda wa uzito wa welter. Mtu anayekwenda kumpiga bingwa kwao utamwita mwoga? Juni 2018 Terence Crawford naye akapata mkanda kwenye uzito huohuo. Kila mtu akasema haya sasa. Haikuwa. Promota mbalimbali, televisheni mbalimbali, kila upande ukisema ule ndio unaokimbia. Spence akapigana kwenye uwanja wa Arlington na Mikey Garcia, na Danny Garcia, na Ugas. Katikati hapo, Oktoba 2019, gari lake lilipinduka usiku hapa Dallas akarushwa nje. Mwaka 2021 utando wa nyuma ya jicho ukachanika, akafanyiwa upasuaji. Walipokutana Julai 2023, miaka mitano baadaye, Crawford alimwangusha mara tatu, refa akasimamisha raundi ya tisa. Watu wa hapa mpaka leo wanasema yule hakuwa Spence wa 2018. Inawezekana. Ajali kama ile haimwachi mtu kama ilivyomkuta, hilo naweza kulisema kwa kazi yangu. Lakini Spence wa 2018 alikuwepo, na alikuwa na tarehe za kutosha.

Msije mkasema nawaponda Wamarekani. Marvin Hagler aliyekwepwa miaka mingi, alipokuwa bingwa alimpa nafasi hata John Mugabi wa Uganda, Machi 1986, mtu aliyekuwa ameangusha kila aliyempata, na raundi kumi na moja zile zilikuwa za moto kwa wote wawili. Na nyumbani mmebishana miaka kuhusu Mwakinyo wa Tanga na Kiduku wa Morogoro, nani anamkwepa nani, mpaka vijiwe vimegawanyika. Sitaingia humo, nina ndugu pande zote.

Nimeongea na mdogo wangu juzi. Nilitaka kumwambia habari za Galveston, za Johnson kuupata akiwa na miaka 30, nimtie moyo. Nikaanza, halafu nikamkumbuka Langford, nikanyamaza. Nikamuuliza badala yake kama bado anaumwa kichwa asubuhi baada ya mazoezi. Akasema kidogo tu, dada, usimwambie mama. Basi mama, nimekwambia. Fedha ya kipimo cha kichwa nimeituma kwa baba mdogo, Ijumaa ampeleke yeye mwenyewe, na majibu mnipigie picha kwa simu yote, kurasa zote, si ile ya mwisho tu.

Anasema ameahidiwa pambano mwezi wa tano. Na akanishangaza, akasema kuna kijana wa miaka 22 kutoka Kilosa, anapiga kwa mkono wa kushoto, anamsumbua kila siku apigane naye. Nikamuuliza, utampa? Akacheka. Akasema, "Huyo bado bado, dada. Hana jina."

Zamu yangu inaanza saa 1 jioni, ngoja nilale. Msalimieni bibi, mwambieni viatu vyake viko njiani. Maoni yenu andikeni hapo chini, baba mdogo ukishindwa kuandika mpe binamu akuandikie.